Tangu nijenge ukuta ndiyo nabomolewa zaidi. Nakosea wapi?

#1 Fundi Jembe
Wakuu, habari. Nacheza Valheim, gemu la kujenga na kuishi porini, mwezi wa pili sasa, peke yangu, bila modi yoyote. Siku za mwanzo nilikuwa na kibanda tu ukingoni mwa msitu: kitanda, moto, meza ya kazi, basi. Walinivamia Neck (wale mijusi wa majini) na nguruwe pori mara mbili, nikawatwanga rungu, nikarudi kulala. Hakuna aliyegusa hata ubao mmoja.

Nikasema sasa niwe mtu mzima. Nikazungusha ukuta wa magogo yaliyochongwa ncha, safu mbili, geti moja upande wa ziwa. Jioni nne nzima. Tangu hapo nimevamiwa mara tatu, na mara zote tatu nimebomolewa. Jana yalitokea yale maandishi kwamba ardhi inatikisika, kutazama ramani naona duara jekundu limenifunika, wakaja Troll wawili, yale majitu ya msituni. Nikapanda juu ya ukuta na upinde wangu, nikijua niko salama. Wakaufumua upande wa kaskazini, wakaingia, wakang'oa paa la karakana na zizi lote. Nguruwe wangu watatu wa kufuga wametawanyika, na mmoja ni wa nyota mbili.

Swali langu: ukuta unawaita? Maana kibandani sikuwahi kupata hasara hii.

#2 Bundi
Pole mkuu. Ukuta haumwiti mtu. Umemwua bosi gani, yule adui mkuu wa eneo, karibuni?

#3 Fundi Jembe
The Elder. Kama siku mbili kabla sijaanza kujenga.

#4 Bundi
Basi umeshajijibu. Mchezo hauangalii nyumba yako ni ya aina gani, unaangalia umeua nini, hasa mabosi uliowaangusha. Kila anayeanguka anafungua uvamizi mkali zaidi, na baadhi ya ule wa mwanzo unaacha kuja. Wewe umepanda darasa, halafu unalalamika mtihani umekuwa mgumu. Ukuta umesingiziwa tu kwa kuwa ulikuwepo eneo la tukio.

#5 Dada Sururu
Bundi, hiyo ni nusu ya habari. Fundi, hebu shika nyundo usogelee ukuta wako, utazame ule mstari wa uimara. Nakuambia kabla hujaenda: uko nusu.

Mbao isiyo na kitu juu yake inaliwa na mvua mpaka ibaki na nusu ya uimara wake. Haivunjiki kwa mvua peke yake, na ndiyo maana watu wengi hawashtuki. Kibanda chako kilikuwa na paa, ukuta wako unanyeshewa usiku na mchana. Kwa hiyo safu zako mbili, Troll anazikuta ni kama safu moja. Kukarabati ni bure, mradi meza ya kazi iko karibu. Ni tabia tu, kila ukirudi kutoka safari unazunguka na nyundo.

#6 mkono_mmoja
Kwa hiyo ukuta nao unahitaji nyumba ya kuishi. Maisha haya!

#7 Kifaru wa Saba
Naingia hapa kama mgeni, makazi yangu ni gemu la mazombi, 7 Days to Die, lakini Valheim nimeicheza vya kutosha. Naona mmeruka jambo kubwa kwenye post ya kwanza: jamaa alipanda JUU ya ukuta.

Kule kwetu, kwa mipangilio ya kawaida, kila siku ya saba mwezi unakuwa mwekundu, na kuanzia saa nne usiku mpaka saa kumi alfajiri mazombi hayalali. Miaka ya nyuma tulikuwa tunajenga boksi la zege na kukaa ndani. Lilipokuja toleo la Alpha 17 mwaka 2018, mazombi yakapewa akili ya kutafuta njia. Yanapima: kuzunguka ni gharama gani, kuvunja ni gharama gani, halafu yanafuata njia nyepesi kuliko zote. Ukifunga kila upande, kila upande unakuwa njia, kwa hiyo hujui watavunja wapi. Wajanja wakaanza kuacha njia MOJA wazi, nyembamba, imejaa mitego, na wao wamesimama mwisho wake. Zombi linaona njia ipo, halihangaiki na ukuta.

Valheim si sawa kabisa na kule, ila kanuni inafanana. Mnyama akiweza kukufikia, anakujia wewe. Asipoweza, anapiga kitu kilicho karibu. Kibandani Fundi alitoka nje kupigana, Neck wakamfuata yeye. Siku ya Troll alifunga geti na kupanda juu. Wale walikuwa na kazi gani nyingine zaidi ya kupiga ukuta?

Ushauri wangu utawaudhi wengi: acha geti wazi.

#8 Chura Mkavu
Geti wazi. Troll wawili. Kaka, wewe una visa na huyu jamaa?

#9 nusu_saa
Kabla hamjaanza kugombana, kuna hesabu rahisi. Mchezo unarusha karata kila dakika 46, na kila karata ina asilimia 20 ya kuleta uvamizi. Kwa wastani ni uvamizi mmoja kwa dakika 230, karibu saa nne. Lakini ili uvamizi uanze ni lazima uwe kwenye kambi yako wakati karata inarushwa. Ukiwa porini unachimba shaba, karata inapita bure.

Sasa Fundi, zamani ulikuwa na kibanda, kwa hiyo muda mwingi ulikuwa wapi?

#10 Fundi Jembe
Porini.

#11 nusu_saa
Na jioni zile nne za ukuta?

#12 Fundi Jembe
Nyumbani. Aisee.

#13 nusu_saa
Haya. Umevamiwa zaidi kwa sababu umekaa nyumbani zaidi, na umekaa nyumbani kwa sababu ulikuwa unajenga ukuta wa kuzuia uvamizi.

#14 mkono_mmoja
😂😂 Huu uzi nauhifadhi.

#15 Bundi
nusu_saa uko sahihi kwa idadi, lakini jamaa hakulalamikia idadi peke yake. Analalamika kubomolewa. Neck kumi hawawezi kufanya kazi ya Troll mmoja mwenye uhai wa 600. Narudi palepale: bosi.

#16 Chura Mkavu
Mnasahau moto. Mimi niligundua nikiwasha tanuru la kuyeyushia na kinu cha mkaa pamoja, haipiti muda wanakuja. Joto linawavuta. Nikizima, kimya.

#17 Kifaru wa Saba
@Chura Mkavu hiyo umeitoa kwenye gemu langu. 7 Days to Die ndiyo ina joto: tanuru na jiko vikifanya kazi sana eneo moja, anakuja yule mwanamke mpiga kelele, akikuona anaita wenzake. Valheim haina kitu hicho.

#18 Dada Sururu
Kwa Valheim karibu ni kinyume. Greydwarf, wale viumbe wadogo wa msituni, wanaogopa moto. Shika mwenge uone wanavyorudi nyuma, wanabaki kurusha mawe kwa mbali kama watoto watukutu.

Ila Chura hajakosea moja kwa moja. Tanuru linahesabika kama kitu cha kambi. Mchezo unahitaji vitu vitatu vya aina hiyo, meza ya kazi, moto, lango la kusafiria na kadhalika, ndipo uihesabu sehemu kuwa kambi inayostahili kuvamiwa. Kama ulikuwa na viwili ukaongeza tanuru, umejiandikisha mwenyewe. Kuzima hakusaidii, ni mpaka ulibomoe.

#19 Chura Mkavu
Nilikuwa na meza na lango tu. Sasa naelewa. Lakini mbona nikizima walikuwa hawaji?

#20 nusu_saa
Kwa sababu asilimia 80 ya karata hazileti kitu. Ungeweza hata kuimba ukadhani wimbo ndio unawafukuza.

#21 Kipepeo
Hii ya vitu vitatu ni muhimu kwa wenye vituo vya njiani. Mimi vituo vyangu vyote vina viwili tu, meza ya kazi na lango. Naingia, natoka. Anayetaka kulala akalale nyumbani.

#22 Mzee Kigingi
Nimesoma mpaka hapa, vijana mnazunguka mbuyu. Magogo ya nini? Ardhi ipo.

Chukua jembe na mawe, inua udongo kuzunguka kambi yote. Unapanda mpaka mita 8 kutoka usawa wake wa asili. Chukua sururu, chimba handaki nje yake, nalo linashuka mita 8. Mtu akiwa chini ya handaki anatazama juu mita 16. Udongo hauliwi na mvua, hauna mstari wa uimara, na Troll akiupiga anajichosha tu. Mimi kambi yangu ina umri mkubwa kuliko baadhi ya akaunti humu, sijawahi kukarabati ukuta hata siku moja.

#23 mkono_mmoja
Mzee, nimewahi kuona picha ya kambi yako. Inafanana na kaburi la mfalme.

#24 Mzee Kigingi
Mfalme aliye hai. Endelea kucheka, wewe unakarabati.

#25 Kipepeo
Shikamoo Mzee. Handaki nakubali, ila lina mambo mawili. Kwanza upana: ukilichimba jembamba Troll anasimama ng'ambo, mkono unafika. Mimi nilichimba la mita tatu hivi, akapiga kona ya nyumba akiwa upande wa pili kabisa. Pili, wanaotumbukia hawafi. Uvamizi unaisha, asubuhi unatoka, chini kuna Greydwarf sita wanakutazama.

#26 Mzee Kigingi
Marahaba. Hao sita ni mbao na utomvu wa bure. Unawapiga mishale ukiwa juu. Upana wa handaki ni urefu wa Troll aliyelala, hapo hafiki.

#27 Fundi Jembe
Mzee, na vinavyoruka? Nasikia mbele kuna Drake.

#28 Bundi
Ndiyo, wanatema barafu kutoka angani. Wao hawana habari na mita 16. Na ukifika kwenye ukungu kuna Gjall anayeangusha mabomu ya moto. Ukuta wa Mzee ni dawa ya ugonjwa mmoja.

#29 Dada Sururu
Kwa Drake, dawa ni kujenga kwa mawe na kuwa na upinde mzuri. Meza ya kukatia mawe inataka chuma kidogo, kwa hiyo Fundi hujafika bado, nenda kwenye kinamasi kwanza. Jiwe haliliwi na mvua.

#30 tofali_nane
Wana Valheim mna shida sana. Minecraft unaweka taa, unalala.

#31 mkono_mmoja
Amekuja.

#32 tofali_nane
Kwani uongo? Mazimwi yanazaliwa gizani. Ukihakikisha kila kigae kina mwanga wa zaidi ya 7, hakuna kitu kitatokea ndani ya uzio.

#33 Kipepeo
Hiyo 7 ni ya zamani, mkuu. Kuanzia toleo 1.18, mwishoni mwa 2021, yanazaliwa penye mwanga wa taa 0 tu. Unaweza kupunguza mienge yako kwa nusu, bustani ikapumua.

Halafu mwanga unazuia kuzaliwa, hauzuii kutembea. Creeper, yule zimwi anayelipuka, akizaliwa nje kwenye giza anakuja mpaka mlangoni na taa zako zote zinawaka. Ndiyo maana watu wanafuga paka, Creeper anamkimbia paka. Na buibui anapanda ukuta, usipoweka ukingo uliojitokeza nje kule juu anaingia kama mwenye nyumba.

#34 tofali_nane
Sijafungua tangu kabla ya 1.18, nimekubali. Ila paka ninao.

#35 Dada Sururu
Tena hilo la kuzaliwa lipo Valheim pia. Meza ya kazi inazuia viumbe kuzaliwa ndani ya mita 20 kuizunguka. Fundi, meza zako ziko wapi? Maana kama ni moja tu, iko karakana, na ukuta wako unapita mbali na mita 20, basi kuna vipande NDANI ya ukuta ambavyo kiumbe anaweza kuzaliwa. Unakuwa umemfungia adui ndani.

#36 Fundi Jembe
Ninayo moja. Kambi ina kama mita 50 kwa 40.

Na sasa nakumbuka, uvamizi wa pili kuna Greydwarf alitokea nyuma ya nyumba wakati geti limefungwa. Nilidhani aliruka.

#37 Dada Sururu
😐

#38 Kifaru wa Saba
Lakini Troll walitoka nje wakavunja ukuta kuingia. Meza haielezi hilo. Njia ndiyo inaeleza.

#39 Bundi
Na kwa nini walikuwa Troll badala ya nguruwe? Bosi ndiye anaeleza hilo.

#40 Dada Sururu
Na kwa nini ukuta ulifumuka haraka? Mvua.

#41 mkono_mmoja
Na kwa nini Fundi alikuwa nyumbani? Ukuta. Tumerudi kwenye swali la kwanza.

#42 jua_kali
Samahani kwa wote, kwani si mnaweza kuzima uvamizi? Tangu 2023 kuna mipangilio ya dunia, unachagua uvamizi uwe mwingi, mdogo au usiwepo kabisa.

#43 Mzee Kigingi
Na jembe langu nilipeleke wapi?

#44 nusu_saa
jua_kali hajakosea jamani, msimshambulie. Mtu ana saa moja kwa siku ya kucheza, hataki kuitumia kurudishia paa. Kuna pia chaguo la uvamizi kufuata hatua ya mchezaji mwenyewe na si dunia nzima. Hilo linawafaa mnaocheza wengi kwenye seva moja, mmoja ameshafika mbali na mwingine bado anavaa ngozi ya kulungu.

#45 jua_kali
Asante nusu_saa. Na mimi ndiye huyo wa ngozi ya kulungu. Rafiki zangu wanaua mabosi, mimi nalima, halafu nikiwa peke yangu nyumbani naletewa vitu ambavyo sijui hata majina yake.

#46 Kipepeo
Niwachekeshe kidogo. Ilipokuja Ballista mwishoni mwa 2022 pamoja na eneo la ukungu, nilifurahi sana, mtambo unaorusha mishale wenyewe. Nikaweka mbili getini, nikazijaza, nikarudi nyuma kuzitazama kama mzazi kwenye mahafali.

Ya kwanza ilinipiga mimi. Sikujua kwamba zilikuwa hazichagui, mwenyewe au mgeni, vyote nyama. Nikafa mlangoni kwangu, nikaamka kitandani, nikakimbia kuchukua vitu vyangu, zikanipiga tena. Mbwa mwitu wangu wawili wa kufuga nao wakaenda siku hiyohiyo. Baadaye wakairekebisha, ukaweza kuipa kichwa cha kiumbe unayetaka ilenge, lakini mimi na zile mbili hatukusemezana tena.

#47 mkono_mmoja
Uvamizi bora kuliko wote humu ni huu uliojinunulia mwenyewe.

#48 Chura Mkavu
Mbwa mwitu wa kufuga ndio ulinzi, mimi naona. Hao hawahitaji mpangilio.

#49 Bundi
Mpaka wakimbilie nje kumfukuza kulungu na uvamizi uanze hawapo. Nimeshapoteza watano hivyo.

#50 Fundi Jembe
Narudi na ripoti, siku tatu zimepita. Nimefanya karibu kila mlichosema, kwa hiyo najua mtagombana.

Meza za kazi sasa ziko nne, zimeenea kambi nzima. Nimekarabati ukuta wote (Dada, ulikuwa nusu kweli, kote). Nimeanza kuinua udongo upande wa kaskazini kwa Mzee, ila mawe yaliniishia. Na jana usiku, yalipotokea maandishi kwamba msitu unasonga, nilifungua geti, nikashuka chini, nikasimama hatua kumi ndani na ngao yangu.

Walikuja Greydwarf, sikuhesabu, pamoja na mmoja wa wale wakubwa na mganga wao wa sumu. Wote walipita getini. Wote! Hakuna aliyepiga ukuta. Nilikaribia kufa mara mbili, lakini asubuhi kilichovunjika ni mzinga mmoja wa nyuki uliokuwa karibu na geti.

#51 Kifaru wa Saba
Sitasema kitu. Nitaweka tu namba ya post yangu hapa: #7.

#52 Dada Sururu
Kifaru, ukuta ulikuwa umekarabatiwa. Hata wangeupiga usingevunjika.

#53 Kifaru wa Saba
Hawakuupiga. Soma.

#54 Bundi
Greydwarf si Troll. Subiri ardhi itikisike tena na geti likiwa wazi, ndipo tuongee. Mimi nimeona Troll akipita karibu na geti lililo wazi na kuvunja nguzo ya pembeni kwa sababu tu rungu lake lilipita hapo. Yeye hahitaji sababu.

#55 nusu_saa
Uvamizi mmoja si ushahidi. Ukifika kumi, tano geti wazi na tano limefungwa, nitakubali kuhesabu. Kwa wastani itakuchukua saa 38 na dakika 20 za kukaa nyumbani.

#56 Mzee Kigingi
Mawe yakiisha kuna mawe mengine. Endelea kaskazini.

#57 Kipepeo
Fundi, ukisubiri Troll jaribu kuwavuta wapige mwamba wa shaba, kama upo karibu. Rungu lao linavunja mwamba. Wamenichimbia mzigo mzima bila mimi kugusa sururu, nakimbia tu kuuzunguka.

#58 tofali_nane
Hii ndiyo sababu ya kwanza humu iliyonifanya nitake kuinunua hiyo gemu.

#59 mkono_mmoja
Watu wote mmesahau jambo la maana. Fundi, nguruwe wamepatikana?

#60 Fundi Jembe
Wawili nimewarudisha zizini. Yule wa nyota mbili nimemwona leo ng'ambo ya ziwa, yuko mzima, amesimama tu. Nimejenga uzio kumzunguka hukohuko mpaka nipate namna ya kumvusha. Nimeweka na moto, meza ya kazi na kitanda nilale karibu naye.

#61 Dada Sururu
Fundi. Hesabu hivyo vitu.

#62 Fundi Jembe
Eeh.